Imeanguka, Pole

Siku ya soko pale Siakago, gorogoro ya ndengu ikipigwa kiwiko, punje za kijani huviringika hadi katikati ya mawe, na kuku hufika kabla ya mwenye mali. Aliyeipiga hatataja kiwiko. Atashika kichwa na kusema, "Woi, mama, imeanguka!" Naye mama, ambaye ndiye aliyepata hasara, hujikuta akijibu, "Pole." Hapo ndipo ujanja wa kitenzi hiki ulipo. Aliyesema "nimeiangusha" angelazimika kutoa samahani. Aliyesema "imeanguka" anapokea pole, na ndengu si zake.

Ushahidi uko kwenye mkia wa neno. Kijana aliyeinua ufito mrefu chini ya mwembe anaangua maembe, na maembe huanguka. Kwenye "angua" kuna mtu na ufito wake. Kwenye "anguka" limebaki embe peke yake. Mkia huohuo umo katika kuvunjika, kumwagika na kupasuka, ndiyo maana maafa ya jikoni husimuliwa bila binadamu hata mmoja: sufuria ilipinduka, uji ukamwagika, bakuli likaanguka, likavunjika. Ukisikiliza, utadhani vyombo viliitisha maandamano. Hata ndugu za kitenzi hiki ni wa ukoo uleule wa siri. Tone hudondoka, mguu huteleza, ukuta huporomoka, ndoo hutumbukia kisimani. Kila kimoja kinaeleza vizuri kitu kilikwendaje chini, wala hakisemi nani alikuwa karibu. Mwenye bodaboda naye husema mzigo umeanguka. Kamba aliyoifunga kwa haraka haiingii kwenye taarifa.

Kitenzi hiki hakikuishia sokoni. Huku Kenya mwanafunzi huanguka mtihani, kana kwamba alikuwa juu ya dawati likainama. Jirani zetu Watanzania husema amefeli, na hapo angalau hakuna anayemtafutia bendeji. Mwanasiasa huanguka kura, na wapiga kura walioamka alfajiri kumwangusha hawatajwi. Hata Siakago yenyewe imeonja. Eneo bunge lililobeba jina hilo liliingia katika uchaguzi wa 2013 likiitwa Mbeere Kaskazini. Utasema jina lilianguka? Majina hayatelezi. Kuna waliokaa mezani na kalamu, wakaliondoa kwenye orodha.

Atainuka mtaalamu wa fizikia aseme vitu huanguka vyenyewe, kwa kuwa dunia huvivuta, na kwamba Newton alishamaliza habari hiyo mwaka 1687. Ni kweli, lakini Newton huyohuyo aliandika kuwa kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka nguvu nyingine ikisukume. Dunia ilikuwa ikiivuta ile gorogoro tangu asubuhi, na meza ikaizuia bila kulalamika. Kiwiko ndicho kilichofika saa nne. Mwingine atasema lugha isisingiziwe, kwani Kiswahili kina "angusha" kwa anayetaka kukiri. Kinayo, ila tazama inavyotumika: "umeangusha" husikika kila siku, "nimeangusha" ni nadra kama mvua ya Agosti huku Mbeere. Tena si sisi tu. Mhispania naye husema kikombe kimemwangukia, akawa mhasiriwa wa kikombe alichokishika yeye mwenyewe.

Pingamizi lenye uzito ni moja: huenda huu ni ustaarabu. Aliyeangusha bila kukusudia hastahili kusimamishwa kama mshtakiwa mbele ya soko zima, na "imeanguka" humwachia heshima yake. Nakubali, na kwa mtu aliyejikwaa akaenda chini yeye mwenyewe, pole ni haki yake, hata kama tutacheka akishapita. Lakini heshima hiyo ni zawadi ya kupewa na aliyepoteza. Mwenye ndengu akisema "zimeanguka tu, usijali," huo ni ungwana. Mwenye kiwiko akitangulia kusema hivyo, amejisamehe kwa mali ya mwenzake. Basi ndugu msomaji, kiwiko chako kikifanya kazi yake, sema "nimeangusha, samahani mama," kisha uiname uokote kabla kuku hawajamaliza.