Nati Zisibaki Sahanini: Mwongozo wa Kuifunga Upya Honda CG125 ya Zamani

Nati iliyobaki sahanini baada ya injini kufungwa si bakshishi ya fundi. Mhandisi aliiweka pale kwa sababu, na sababu hiyo itajitambulisha yenyewe siku utakapokuwa katikati ya mteremko, umepakia gunia la mahindi, lori likikufuata nyuma. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeokoa pikipiki ya mzee kutoka stoo ya kuku, ukaifungua mpaka fremu ikabaki tupu, na sasa umezungukwa na madebe ya vyuma na swali moja: hiki kilikaa wapi?

Tuichukue Honda CG125, kwa kuwa ndiyo pikipiki ya zamani ambayo fundi wa kwetu ana nafasi nzuri ya kuifufua. Ilitoka mwaka 1976, silinda moja, ukubwa wa sentimita za ujazo 124, ikipozwa na upepo. Honda waliikusudia kwa barabara na matunzo ya nchi kama zetu: mzigo mzito, vumbi, na oili inayobadilishwa ikikumbukwa. Ndiyo maana hawakuiwekea cheni ya taimingi inayohitaji kukazwa mara kwa mara. Kamshafti yake imekaa chini, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Ubunifu huo ulikuwa mzuri kiasi kwamba viwanda vya China viliuiga, na leo uko ndani ya bodaboda nyingi unazozipisha njiani. Kwa hiyo ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, spea za ukoo huu hukosi.

Kufunga huanza siku ya kufungua

Makosa mengi ya kufunga hufanyika wakati wa kufungua, pale furaha inapomzidi mtu, akashika spana na kushusha kila kitu kabla chai haijapoa. Piga picha kwanza. Piga picha ya waya zinavyopita shingoni mwa fremu, kebo ya klachi inavyopinda, na washa zilivyopangana kwenye ekseli. Simu yako ina nafasi ya video mia za harusi, haikosi nafasi ya picha ya ekseli.

Kisha tafuta boksi la karatasi ngumu. Kabla ya kutoa kava la klachi upande wa kulia, chora umbo lake juu ya boksi hilo, toboa tundu kila palipo na bolti, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Hii si kazi ya mtoto wa chekechea. Bolti za kava zinafanana vichwa lakini hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi itagota chini kabla kava halijabana, nawe ukiendelea kuikaza utapasua aluminiamu. Fupi ikiingia kwenye tundu refu itashika nyuzi mbili tatu tu, na nyuzi hizo zitatoka zote pamoja kama uzi wa shati la mtumba. Boksi moja la biskuti linakuepusha na yote mawili. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na bolti ni mali.

Gololi za shingo ya usukani zihesabu zinapotoka, za juu peke yake na za chini peke yake, uandike idadi ukutani kama huna karatasi. Kama injini bado ina skrubu zake za nyota za kiwandani, tafuta bisibisi ya kipimo cha Kijapani. Ile ya kawaida haikai vizuri: hupanda juu na kula kichwa, kisha unaanza safari ya patasi na nyundo ambayo mwisho wake haujawahi kuwa mzuri.

Spea mpya usiiamini kwa sura

Spea kuwa nyingi madukani ni neema, lakini ndipo mtego ulipo. CG125 za mwanzo zilitumia umeme wa volti 6 na pointi za kuwashia, za baadaye zikaja na volti 12 na CDI. Muuzaji atakuapia kwamba "zote ni moja." Mjibu kwa tabasamu, kisha weka spea ya zamani kando ya mpya juu ya meza yake. Pima kwa kalipa kipenyo, urefu na unene. Hesabu meno ya gia. Linganisha matundu ya gasketi na matundu ya injini, maana gasketi inayoziba tundu la oili itakutia hasara kubwa kuliko bei yake mara mia.

Na usitupe kitu cha zamani mpaka pikipiki itembee. Spea iliyochakaa ndiyo ramani yako ya mwisho.

Ndani ya injini hakuna kubahatisha

Juu ya pistoni kuna alama IN. Inatazama upande wa kabureta, hata kama fundi wa jirani anakuambia pistoni ni duara na duara halina mbele. Ringi nazo zina uso wa juu wenye alama. Midomo yake iachanishe kuizunguka pistoni, theluthi ya duara kila mmoja, ili moto usipate njia iliyonyooka ya kushukia chini.

Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya. Kabla ya kuziweka, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa safi, kwa sababu klipu ikiruka inapenda sana kuingia humo. Mdomo wa klipu usikae sambamba na lile pengo lililokatwa kwenye pistoni. Klipu ikitoka injini ikiwa inazunguka, itachimba mfereji kwenye ukuta wa silinda, na mfereji huo hauzibwi kwa oili nzito.

Gia ya kranki na gia ya kamshafti zina alama za kukutanisha. Zikutanishe, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha tazama tena. Kama kuna mahali inagoma, simama. Usiilazimishe. Injini inayogoma mkononi inakusemesha kwa upole, usisubiri ikusemeshe kwa kiki.

Mwanya wa valvu upimwe injini ikiwa ya baridi, pistoni ikiwa juu, kwenye mzunguko wa kubana ambapo valvu zote mbili zimelegea. Milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Wengi huona alama ya T kwenye sumaku wakaridhika, wakati T huonekana pia pistoni ikipanda kutoa moshi. Ukipima hapo utarekebisha kosa lisilokuwepo na kulizaa jipya.

Kabla kava halijarudi, fungua chujio la oili linalozunguka na kranki, pembeni mwa klachi. Hapo ndipo uchafu wa miaka yote ya utumishi ulipojificha. Kusafisha kila kitu ukaacha hapo ni kuoga ukavaa nguo chafu.

Nguvu za mkono na mipaka yake

Bolti ndogo za milimita 6 zinazoingia kwenye aluminiamu zinahitaji takriban niutoni-mita 10 tu. Huo ni mkazo wa spana fupi na kiganja, wala si wa bega. Kama unaweza kupata spana ya kupimia mkazo, hata ya kuazima, iazime. Nati za silinda hedi zikaze kimsalaba, kidogo kidogo, kwa awamu, mpaka zote zifike pamoja. Anayemaliza moja kabisa ndipo ahamie nyingine, anapinda hedi kwa mkono wake mwenyewe, kisha analaumu gasketi.

Fremu imeng'aa, taa haziwaki

Hili huwapata hasa waliofanya kazi nzuri ya rangi. Kwenye Honda, waya wa kijani ndio wa athi, na hurudisha umeme betrini kupitia fremu. Rangi haipitishi umeme. Basi kwangua rangi pale athi inapofungwa mpaka chuma kionekane, funga kwa nguvu, kisha paka grisi kidogo kuzuia kutu. Utajiokoa na wiki nzima ya kununua swichi, rilei na koili ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote.

Hapa usinicheke, soma mara mbili

Injini iliyofungwa vibaya itakuacha njiani. Breki iliyofungwa vibaya haikuachi, inakutupa. Bamba la breki ya mbele lina mfereji unaopaswa kumeza kishikizo kilichoko kwenye mguu wa foku. Ukikaza ekseli kishikizo kikiwa nje ya mfereji, gurudumu litazunguka vizuri uani na kila mtu atakupongeza. Siku ya kwanza ya kufunga breki kwa nguvu, bamba zima litazunguka pamoja na gurudumu, likate kebo na kuling'ang'aniza gurudumu palepale. Piga magoti, tazama kwa macho, tia kidole.

Breki ya nyuma ina mkono wa chuma unaozuia bamba lisizunguke. Nati yake ifungwe na pini yake mpya ipindwe. Ndani ya habu, kati ya beringi mbili, mna bomba la kuzitenganisha. Likisahaulika, ekseli ikikazwa beringi zinabanwa ubavuni na kufa mapema. Na klipu ya cheni: upande uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda, mdomo ubaki nyuma.

Siku ya kuwasha

Jaza oili, karibu lita 1. Toa plagi, zima swichi, piga kiki mara nyingi mpaka oili isambae. Ndipo urudishe plagi na uwashe. Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole, mahali pasipo na magari wala watoto. Ukirudi, acha ipoe, kisha pitia nati zote za nje, pima tena valvu, kagua uvujaji wa oili.

Na kabla hujampakia mkeo, mumeo au mtoto wako, mwite fundi mwingine unayemheshimu. Mpe tochi na spana, mwambie atafute kosa kuanzia breki. Akilipata, mshukuru, mlipe, rekebisheni pamoja. Akilikosa, mlipe vilevile, maana macho ya pili ndiyo spea ya bei nafuu kuliko zote utakazoinunulia pikipiki hiyo.