Sisi Popote, Shemeji

Wazo lilizaliwa Mbezi, Dar es Salaam, usiku wa Jumamosi ya tarehe 29 Machi 2025, habari ziliposambaa kwamba Saudia mwezi umeandama na kesho yake ni Idi. Mwalimu aliisoma habari hiyo kwa sauti mbele ya mkewe na wageni wao wawili, Mhasibu na mumewe, ambaye ni fundi umeme. Wote wanne ni Wakristo, na sikukuu hiyo wao huihusudu kwa jambo moja tu: pilau ya watu wengine.

"Twendeni Unguja," akasema mke wa Mwalimu. "Jumatatu na Jumanne si sikukuu?"

Kalenda ya ukutani ilimuunga mkono. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyezihangaikia, iliandikwa kwamba sikukuu hizo zinategemea kuandama kwa mwezi.

Safari ya mashemeji wanne huharibiwa na adabu kabla ya kitu kingine chochote. Mke na mume wakibishana kuhusu hoteli, watafika mahali, hata kama watafika wamenuniana. Mashemeji hawana ruhusa ya kununiana. "Boti ya saa ngapi?" "Yoyote tu." "Hoteli ya bei gani?" "Semeni nyinyi, sisi popote." Fundi aliulizwa kama bahari haimsumbui, akajibu kuwa bahari ni maji tu, shemeji. Ilipofika saa sita usiku kila mtu alikuwa amekubali kila kitu, na hakuna aliyekata tiketi.

Mhasibu ndiye aliyekata shauri. Alichukua simu, akakata tiketi nne za boti ya asubuhi, akapata vyumba viwili vya mwisho katika nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe, kisha akafungua daftari la matumizi. Daftari hilo tutalikuta tena.

Ambacho hakuna aliyekiuliza ni Ramadhani ilikuwa imefika ngapi. Tanzania ilianza kufunga tarehe 2 Machi, siku moja baada ya Saudia, kwa hiyo Jumamosi ile ilikuwa Ramadhani 28. Mwezi wa Kiislamu huwa na siku 29 au 30, na siku ya 28 hakuna anayepanda juu ya paa kuutafuta. Muuza vitumbua wa mtaani kwao angewaambia hayo bila malipo.

Jumapili wakaondoka bila kunywa chai, maana tumbo lilikuwa linatunziwa pilau. Kutoka Dar hadi Unguja ni kilomita kama 70, na boti za mwendo kasi huzimaliza kwa chini ya saa mbili. Wahudumu walipita wakigawa mifuko ya kutapikia, kwa upole kama wanaogawa peremende. Fundi alichukua mmoja kwa heshima. Baadaye akaomba wa pili.

Bandarini Malindi walionyesha vitambulisho, wakaingia vichochoroni kwa furaha. Mikahawa ilikuwa imefungwa. Mwalimu akaeleza kuwa watu bado wako msikitini. Walipita mkahawa mwingine, pazia limeteremshwa. Wa tatu nao vivyo hivyo. Mwisho wakamkuta mzee ameketi barazani.

"Shikamoo, mzee. Idi mubarak!"

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akiwatazama mmoja mmoja. "Idi ya wapi?"

Zanzibar si mahali pa kutafuna mhogo barabarani mchana wa Ramadhani; polisi wamewahi kuwakamata watu kwa kula hadharani. Hoteli huwahudumia wageni wake ndani, lakini nyumba waliyoipata wao haikuwa na jiko, na vyumba vilikuwa havijawa tayari. Basi wakatalii na njaa. Walisimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jumba hilo husifiwa kuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na hapo Fundi, aliyekuwa ameanza kupata rangi, akapata na la kusema. Alieleza nyaya, akaeleza mzigo wa umeme, akaeleza kwa nini kuta nene za mawe na chokaa zinamsumbua fundi. Wenzake walimsikiliza kwa macho ya watu wanaowaza biskuti.

Biskuti zilipatikana, zikaliwa chumbani, mlango umefungwa, kwa kunong'ona. Hakuna aliyewaambia wanong'one.

Chumbani ndipo adabu ilipopiga pigo lake la mwisho. Chumba kimoja kilikuwa na samadari, kile kitanda cha kunakshiwa kilicho juu hadi unakipanda kwa kigoda. Kingine kilikuwa na vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja. "Chukueni nyinyi samadari." "Aa, shemeji, haiwezekani, nyinyi." Ikaenda, ikarudi, mpaka ikapatikana suluhu isiyomuudhi mtu: wake wawili wakalala kwenye samadari, na waume wakaenda kukoromeana chumba cha pili. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapumziko ya wapendanao.

Jioni ile mwezi uliandama, safari hii wa hapahapa. Darajani pakafurika wanunuzi wa viatu vya watoto na kanga za Idi, na Forodhani moshi wa mishikaki ukapaa. Wanne wale walikula kama waliofunga mwezi mzima: urojo, pweza, pizza ya Zanzibar, juisi ya miwa, kisha urojo tena. Pilau yenyewe ilikuja Jumatatu kwa hisani ya mama yake mhudumu, aliyesikia kisa chao akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kwenye boti ya kurudi Mhasibu alifungua daftari. Nauli na vyumba havikuleta shida. Shida ilikuwa mishikaki ya pweza: iliyolipiwa ilizidi kwa miwili ile ambayo watu walikiri kuila. Mwalimu alisema hali pweza. Mkewe akatazama baharini. Fundi hakuweza kuhojiwa, alikuwa ameshika mfuko.

"Basi shemeji, andika zote kwangu," akasema Mwalimu kwa ukarimu mkubwa.

Akaandikiwa. Pesa alizituma kwa simu siku hiyohiyo, kamili mpaka shilingi ya mwisho, bila ya kutolea.