Kujipekua kwa Upole Ukiwa Sio Port

Siku hizi mtu haumwi kichwa bila kushauriwa aandike. Mpwa aliyerudi likizo kutoka chuo kikuu, mtangazaji wa redio ya asubuhi, kitabu cha kujiendeleza kilichotandazwa chini pale stendi ya Busia, wote wana dawa moja: tafuta daftari, kaa mahali patulivu, washa mshumaa wenye harufu nzuri, kisha uzitembelee kwa upole zile pembe za nafsi yako ulizozificha. Ushauri ni mzuri. Umetolewa na watu ambao nyumba zao zina milango ya ndani. Mwongozo huu ni wa mkaazi wa Sio Port, mji wa wavuvi mpakani mwa Kenya na Uganda, ambaye kati ya kitanda chake na watoto pana pazia, na jirani yake hujua kilichopikwa kabla hakijapakuliwa.

Daftari kwanza. Usihangaike na lile lenye jalada la ngozi na kufuli. Kufuli huita watu. Nunua la shule, kurasa 48, na juu yake uandike "Hisabati". Hakuna mtoto atakayelifungua kwa hiari, wala mzazi. Ukiwa pale dukani, chungulia pia daftari la mwenye duka, lile la madeni. Wewe umo humo: sukari nusu kilo, mkate, kipande cha sabuni, atalipa Ijumaa. Atalipa Ijumaa. Atalipa Ijumaa. Hiyo ndiyo shajara yako ya kwanza, imeandikwa na mtu asiye na sababu ya kukupamba, na ina ukweli mwingi kuliko utakaouandika wewe kwa mwaka mzima. Omba uisome kabla hujaanza yako.

Saa ya kuandika inategemea mwezi, na hapa sisemi mambo ya nyota. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitawala, taa haiwavuti samaki, na wavuvi hubaki nchi kavu. Kwa hiyo mke wa mvuvi ana siku kadhaa za giza za kuandika kwa amani, na siku kadhaa za mbalamwezi za kukumbuka kwa nini anahitaji kuandika. Mvuvi mwenyewe na aandike mchana, wakati omena wameanikwa na mama anawageuza huku akifukuza kuku. Atakapoulizwa kwa nini amekaa tu na kalamu wakati wenzake wanafanya kazi, na aliandike swali hilo neno kwa neno. Ukurasa wa kwanza umepatikana.

Usidhani haya ni mambo ya watu waliokosa shughuli. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliwataka waandike dakika 15, jioni nne mfululizo, wengine kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, wengine kuhusu vitu visivyo na uzito. Walioandika maumivu yao pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Jambo ambalo wauza mishumaa hulisahau ni kwamba mara tu baada ya kuandika, hao hao walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo ukimaliza ukurasa ukiwa umetabasamu, umejaa mwanga na kujipenda, rudi mwanzo. Umeandika barua ya kuomba kazi.

Mambo haya pia si mageni kwetu kama yanavyodhaniwa. Carl Jung, yule daktari wa Uswisi aliyefundisha kwamba kila mtu ana kivuli, yaani upande wake asiotaka kuukubali, alifika pande hizi mwaka 1925. Alipiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ule ulio kaskazini mwa Malaba, akawaita wazee kwenye baraza na kuwauliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, habari za ndoto zao. Wazee walikana. Hatuoti, bwana. Akatoa sigara, viberiti na pini, bado hawakuota. Baadaye mzee mmoja mganga alimweleza, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani ndoto zilikuwepo na ziliwaambia kama kuna vita au ugonjwa, lakini tangu Wazungu waje hazihitajiki tena, kwa sababu sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliiona habari hiyo kuwa ya kusikitisha, na ni kweli inasikitisha. Lakini mtu wa mpakani akiisoma huona jambo la pili: mgeni amekuja na daftari, anagawa pini na kuuliza unaficha nini usiku. Nani angemjibu? Naye Jung alikuwa mtaalamu wa kuficha. Tangu mwaka 1913 alikuwa akiandika maono yake katika madaftari yake mwenyewe, kisha akayanakili kwa mwandiko wa madoido na michoro katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu. Alikufa mwaka 1961. Kitabu hicho kilikaa miaka mingi kwa familia, kikafungiwa hata benki, na hakikuchapishwa hadi mwaka 2009. Wewe huna benki Uswisi. Una godoro, na godoro hugeuzwa kila Jumamosi.

Sasa kazi yenyewe. Vitabu vitakwambia ujiulize maswali ya upole kama vile "Moyo wangu unataka nini leo?" Jibu la swali hilo ni chai. Tumia maswali uliyoyazoea, yale ya forodha: umetoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini, hii ni ya nani? Sisi tumekulia katikati ya maswali hayo. Aprili 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia upande wa Kenya, Wasamia, wenyeji wa hapa, wakajikuta wana binamu ng'ambo ya mto Sio ambao sasa ni raia wa kwingine. Tangu hapo kila familia imejifunza kujibu "nguo tu, na unga wa nyumbani" bila kupepesa macho. Ustadi huo ndio utakaokusumbua ukishika kalamu, maana afisa na msafiri sasa ni mtu mmoja, na wamefahamiana muda mrefu mno.

Iga mfano wa kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018. Zamani lori lilikaguliwa likitoka Kenya, likakaguliwa tena likiingia Uganda, na dereva akapata nafasi mbili za kuelewana na mtu. Siku hizi hupita moja kwa moja upande anaotoka, akasimame mbele ya maafisa wa nchi zote mbili kule anakoingia. Fanya hivyo hivyo. Usijikague ukiwa bado yule mtu wa jana, kwa sababu atakuruhusu. Subiri wiki moja ipite juu ya jambo, ndipo ulifungue. Yule aliyemjibu mama yake kwa ukali siku ya mazishi ataeleza kwamba alichokozwa. Wa wiki ya pili hana haraka ya kumtetea.

Njia za panya zipo, kama kila mpaka. Mojawapo ni lugha. Dhambi ikiandikwa kwa Kiingereza cha ofisini hupungua uzito, na uongo uliomwambia mdai wako huwa pengo la mawasiliano. Andika kwa lugha unayogombana nayo. Nyingine ni kujilaumu kwa makosa makubwa ambayo si yako: "Mimi ni mtu ninayependa kupita kiasi." Hayo ni magunia yanayopitishwa juu ili afisa asiangalie chini. Chini ndiko kwenye ile laini ya Uganda inayowashwa ukifika chooni tu, nyavu za matundu madogo zilizo darini, na kitambulisho cha pili. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, hilo tunalijua. Swali la shajara ni kwa nini kila nchi ina jina lako tofauti na mwaka wako wa kuzaliwa tofauti.

Ukikwama, omba taarifa yako ya M-Pesa ya miezi sita na uiweke kando ya daftari. Daftari linasema: "Nimegundua ndani yangu kuna mtu mkarimu ambaye dunia haimjui." Taarifa inasema shilingi 200 kwa mama mzazi, Machi, kisha yale mengine yote kwa kampuni ya kamari. Mtu mkarimu kweli dunia haimjui. Usijitetee wala usilie. Nakili tarehe tu.

Kuhusu upole, nina shaka nao lakini siukatai. Mtu aliyekwisha kutukanwa na tajiri wa mtumbwi, na karani wa kaunti, na mkwewe, hahitaji daftari nalo limtukane. Ila upole usigeuke kuwa msamaha unaojipa kabla hujasema kosa.

Mwishowe daftari litasomwa. Wake hawana shida hii, kwa kuwa yale mazito wao huyaandika kichwani. Daftari la mume halimalizi mwezi. Utakapolifungua siku hiyo utakuta pembezoni mwandiko usio wako, mzuri, ulionyooka. "Baba Wandera, baiskeli ya shemeji haikuibwa. Uliiuza Majanji." "Siku ya matanga ya Nangina hukuwa na malaria. Ulikwepa mchango." "Huyu si 2016, ni 2014." Hakuna tusi hata moja, na pale uliposahau jina la mtu, limejazwa.

Usimuulize mkeo amejuaje. Mletee chai, umuulize kama kuna mengine, na uandike anavyosema, kwa mwandiko wake akipenda. Akitaka mama mkwe aitwe kuthibitisha ukurasa wa saba, hapo unaruhusiwa kutafuta mtumbwi wa kuvuka ghuba.