Supu ya Njegere kwa Sufuria ya Presha: Mwongozo wa Mgeni wa Kanamkemer, Lodwar

Kwanza pongezi. Umeshuka kwenye basi la Kitale umekumbatia sufuria ya presha, na mkobani una kitabu cha mapishi kinachodai njegere kavu zilizopasuliwa na paja la nguruwe lililofukizwa moshi. Njegere zisikutie wasiwasi. Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka hapa, zile za njano zimekuwa zikitolewa katika mgao wa wakimbizi, na aliyechoka kuzila huziuza sokoni apate sukari.

Nguruwe ni habari nyingine. Waturkana hufuga mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda. Nguruwe hayumo orodhani. Ukimtoa Nairobi kwenye barafu, jua la Lodwar litamwonja kabla yako. Na ukifanikiwa, usithubutu kumpika katika sufuria uliyoazima kwa jirani Mwislamu. Hatakupigia kelele. Utakapoirudisha atakuambia kwa upole, "Kaa nayo tu, ndugu yangu," na hapo utajua kwamba umenunua sufuria.

Basi chukua mguu wa mbuzi. Au samaki mkavu wa ziwani, lakini huyo mtie mwishoni, tena sahau chumvi, maana anakuja nayo.

Kitabu kitakutisha habari za mwinuko. Ruka ukurasa huo. Eldoret, mita 2,100 hivi juu ya bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 93, na maharagwe huko yana kiburi chake. Lodwar iko mita 500 tu, maji yanakaribia 98. Presha itayapandisha hadi 120 hivi. Hapa kinachokuchelewesha ni maji yenyewe: ya visima vingine yana madini mengi, nayo njegere zikiyanywa hukakamaa kama watu walioitwa kwenye mkutano wa michango. Kidonge kidogo cha magadi huzilainisha. Kikubwa kitakupa supu yenye ladha ya sabuni.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo wageni hupaka dari rangi. Kikombe kimoja cha njegere, vikombe vinne vya maji, na sufuria isipite nusu. Nusu, si robo tatu, hata kama wageni wameongezeka. Njegere hizi hutoa povu, povu hupanda na vipande vyake, vipande huziba kitundu cha mvuke. Tia kijiko cha mafuta kulituliza. Kabla ya kufunga, inua kifuniko juani uchungulie kitundu: usipoona mwanga, chokoa. Denis Papin, Mfaransa aliyelionyesha jungu la aina hii London mwaka 1679, aliliwekea vali ya usalama, na mtu haweki vali kwa sababu mambo yalikuwa yakimwendea shwari.

Mguu wa mbuzi una haraka ndogo kuliko njegere. Uchemshe peke yake kwanza, nusu saa au zaidi kulingana na umri wa marehemu, ndipo njegere ziingie, hesabu dakika kumi tangu filimbi ilie. Kitabu kitasema "punguza moto". Jiko la makaa halina kitufe cha kuzungusha. Funga mlango wa chini, toa makaa mawili matatu kwa koleo, uyaweke pembeni, usiyazime, utayahitaji. Upepo ukivuma kutoka uwanjani, makaa yatawaka upya bila kukuomba ruhusa, kaa karibu. Anayeacha sufuria ya presha jikoni aende "mara moja tu" kununua kitunguu hukutana dukani na jamaa, na jamaa wa Lodwar hawasalimiani kwa neno moja.

Filimbi ikinyamaza, usifungue. Usimwage maji baridi juu ya kifuniko kama ulivyoona kwenye video. Mvuke uliobanwa ukishushwa ghafla hupandisha povu lote. Epua, subiri kifuniko kilegee chenyewe. Chumvi na nyanya vitie sasa; nyanya ukizitia mwanzoni, njegere zitakataa kuiva.

Asubuhi utakuta kilichobaki kimeganda hadi kijiko kinasimama. Ongeza maji, pasha polepole, kwenye sufuria ya kawaida. Mzee akija akauliza nyama iko wapi, mwonyeshe mfupa, na umwekee chapati mbili haraka kabla hajauliza la pili.