Sifa za Chipsi Mayai, Mshtakiwa Asiye na Wakili

Dar es Salaam ina machawa, yaani wapambe wa kusifia, wa kila daraja. Wapo wa wanasiasa, wapo wa wasanii, wapo wa matajiri wa mjini, na wa Simba na Yanga hawahesabiki. Chipsi mayai peke yake ndiyo haina chawa. Inaliwa usiku na kutukanwa asubuhi, mara nyingi na mdomo uleule, kabla hata kitunguu cha kachumbari hakijautoka. Kwa kuwa nafasi hiyo ya kazi iko wazi na haijatangazwa popote, naiomba mimi, na barua yangu ya maombi ndiyo hii.

Nianze na ukoo, kama anavyosifiwa mtu yeyote wa heshima. Kiazi mviringo ni mtoto wa milima ya Andes, kule Peru na Bolivia, ambako watu walikilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajakibeba kwenda Ulaya katika karne ya 16. Wabelgiji na Wafaransa wanagombana mpaka leo ni nani wa kwanza kukitosa kwenye mafuta ya moto. Wenzetu wanagombania ubaba wa mtoto ambaye huku kwetu kila mtu anamkana. Kilifika kwetu zama za ukoloni, kikaipenda baridi ya Njombe, Mbeya na Iringa, kikawa mwenyeji. Mjini kinaingia usiku, juu ya fuso, kimesongwa kwenye gunia la lumbesa, lile lenye kichwa kilichoshonewa kamba. Lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe sasa inasubiriwa kila msimu kama mvua. Mkulima anapakia gunia na nusu, analipwa gunia. Kwa hiyo kabla chipsi haijamgusa mlaji hata mshipa mmoja, imeshapitisha sadaka kwa mkulima. Nani mwingine mwenye bidii hiyo?

Sasa sogea kibandani tuone kipaji.

Kabati la kioo, balbu ndani, rundo la chipsi zilizoivishwa nusu tangu alasiri, zimepoa na kulegea. Mteja anaiagiza kwa jina lake la mtaani, "Zege moja, mayai mawili, usiikaushe." Kijana hajibu. Anakwangua fungu kwa sahani, analimwaga kwenye frampeni bapa iliyokwishatiwa mafuta juu ya mkaa, na viazi vilivyokuwa vimekata tamaa vinaanza kusema tena. Mayai yanagongwa ukingoni mwa kikombe cha bati, chumvi inarushwa kwa vidole vitatu, uma unapiga mpaka povu lipande, kisha vyote vinamwagwa kwa mzunguko kuanzia pembeni kwenda katikati. Anasubiri kidogo. Anapitisha kijiko ukingoni, anatikisa frampeni kuona kama imeshika, anaifunika na sahani ya plastiki, anapindua mkono mara moja, halafu anairudisha motoni upande wa pili. Haivunjiki. Wapo waliosomea upishi miaka miwili ambao wangeiangusha chini.

Haya yote yanafanyika mbele ya macho yako. Niambie ni hoteli gani ya nyota tano inayokuruhusu kusimama nusu mita kutoka kwa mpishi, umwambie anakosea, na yeye aendelee bila kununa. WHO inashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kijana wetu mizani hana, ana vidole, navyo ni vikarimu. Kando kuna kachumbari yenye kabichi nyingi na nyanya ya heshima tu, chupa ya pilipili, na ile chupa nyekundu inayoitwa tomato, ambayo nyanya yenyewe inaifahamu kwa kusikia. Kuna pia kitambaa kimoja kinachofuta meza, sahani na paji la uso bila ubaguzi. Unapewa vijiti viwili vya meno viwe uma, na baada ya mlo vinarudi kwenye kazi yao ya asili.

Lakini nishani, kama zipo za kugawa, zianze na mafuta. Siyaongelei yale kidogo ya frampeni, nayaongelea yale ya karai kubwa. Jumatatu yaliingia ya dhahabu. Alhamisi yana rangi ya chai ya rangi, na hekima. Mafuta hayo yana uzoefu kuliko wakurugenzi wengi: yamefanya kazi na viazi, yamehamishiwa kwa kuku, yakakaimu kwa ndizi na samaki, na hayajawahi kustaafu. Yakipungua yanaongezewa mapya, na mapya hujifunza kwa wakongwe. Kule Kenya walikwenda mbali zaidi. Miaka kumi na kitu iliyopita shirika la umeme lililalamika kwamba wezi wanafyonza mafuta ya transfoma na kuyauza kwa wakaanga chipsi, ambao waliyapenda kwa sababu hayaishi upesi. Wataalamu walitaja figo, ini na saratani. Sawa. Lakini ni chakula gani kingine kinachoweza kuzima umeme wa mtaa mzima ili mtu mmoja ashibe?

Wanasayansi nao wameisifu, kwa njia yao. Mwaka 1997 Waswidi walikuwa wakichimba handaki la reli chini ya kilima cha Hallandsås, kusini mwa nchi yao. Maji yalikuwa yakivuja kwenye miamba, wakaingiza dawa ya kuziba nyufa. Ng'ombe wa jirani wakaanza kupooza, samaki wakafa, na chanzo kikaonekana kuwa kemikali iitwayo akrilamaidi. Wataalamu wakapima damu ya wafanyakazi wa handaki, na kwa ajili ya kulinganisha wakapima pia watu ambao hawakuwahi kulikaribia. Nao wakakutwa nayo. Imetoka wapi? Jibu lilitangazwa Aprili 2002: jikoni. Vyakula vya wanga, na viazi vikiwa mstari wa mbele, vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali vinaitengeneza vyenyewe, bila kuagiza chochote kiwandani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limeshaiweka, tangu 1994, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Wenzetu wanatumia fedha na wahandisi kutengeneza kitu cha kuzibia handaki, sisi tunapata chembechembe zake Manzese, na yai juu. Dunia ilishtuka kidogo, ikasoma magazeti, ikarudi kwenye foleni ya chipsi.

Na hapo ndipo sifa kubwa ya chipsi mayai ilipo: haijali habari mbaya. Hati yake ya mashtaka ni ndefu kuliko ya jambazi yeyote. Kitambi ni chipsi. Presha ni chipsi. Kisukari ni chipsi na soda. Vijana wakisemwa hawana nguvu za kiume, kosa ni la chipsi, wala hakuna anayeuliza juu ya mkopo wa kausha damu wanaolala nao kitandani. Mke asiyejua kupika ameharibiwa na chipsi. Mwanasiasa akisimama jukwaani na kukosa la kusema kuhusu mimba za wanafunzi, atataja chipsi na bodaboda, atapigiwa makofi, na mwanamume mzima aliyelipa chipsi hizo atakuwa miongoni mwa wanaopiga makofi. Chipsi haijawahi kuitisha mkutano na waandishi wa habari ili ijibu. Haina msemaji. Inabeba lawama za mishahara, foleni, kodi za nyumba na tabia za wanaume, na jioni inafungua kibanda saa ileile.

Mchukue karani wa duka la Kariakoo anayepanga chumba kimoja Mbagala Rangi Tatu. Ameshuka kwenye gari saa mbili na nusu usiku, amesimama njia nzima. Ushauri wa daktari anaujua vizuri: mboga za majani, maharage, samaki, matunda, wanga kidogo, mafuta kidogo. Ni ushauri sahihi na sina ubavu wa kuupinga. Tatizo ni kwamba maharage yalitakiwa kulowekwa asubuhi, na asubuhi yeye alitoka saa kumi na moja akipapasa viatu gizani. Sasa yanadai saa mbili motoni. Jiko liko koridoni kwa sababu ndani pana kitanda, ndoo na begi. Mkaa anaununua kwa kopo, mafuta kwa kupimiwa, nyanya kwa fungu, na jirani wa mlango wa pili hapendi moshi. Friji hana, kwa hiyo akipika ya kutosha siku mbili, ya kesho yatachacha. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mungu ajalie. Mpaka hapo, kwa elfu mbili na kitu au tatu, kuna mtu barabarani ameshawasha mkaa, ameshamenya, ameshakata, na atamuuliza swali moja tu: "Pilipili niweke?"

Nimewasikia wazee wakisifia vyakula vya asili, dona, kisamvu cha nazi, mlenda, mtama. Ni kweli, walikula vizuri. Ila ukiwauliza nani alitwanga kile kisamvu, watakutajia mama, dada, shangazi au mke, aliyekuwa kinuni tangu jua halijachomoza, bila mshahara na bila Jumapili. Yule mwanamke sasa yuko kwenye daladala moja na karani wetu, anatoka kazini. Kinu kimebaki hakina mtu, na chipsi mayai imekikalia kimya kimya. Isitoshe, imefanya muujiza ambao semina za jinsia hazijauweza: imemweka mwanamume jikoni. Kijana ambaye kwao hajui chumvi inakaa kwenye kopo gani, barabarani anakaanga mayai kwa unyenyekevu mpaka saa sita za usiku na kuulizia kama yameiva vizuri.

Washindani wa kigeni wa chipsi mayai wasitutishe. Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinatoka nje na meli zilichelewa. Nchi jirani inayolima viazi Nyandarua ikakaa kusubiri bandarini. Wakenya walichachamaa mitandaoni, na wauza chipsi wa vibandani Nairobi nadhani hawakuelewa kelele ni za nini. Wao viazi vilikuwepo. Kibanda chetu hakijawahi kutangaza kuishiwa kwa sababu ya meli. Hata mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, na rambo nyeusi ikatoweka, chipsi ilihamia kwenye foili na mfuko wa kaki bila kuomba muda wa mpito.

Wapinzani wake waungwana kabisa ni wale wa klabu za jogging. Jumamosi alfajiri wanateremka barabarani kwa fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo, wanakimbia mpaka jasho linatiririka. Wakimaliza wanakaa pamoja wanakunywa supu ya makongoro na chapati mbili mbili. Chipsi mayai inatazama kutoka ng'ambo ya barabara na haisemi neno, kwa sababu ina adabu.

Yuko mmoja tu ninayemheshimu kama mpinzani wa saizi yake, Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa mkurugenzi wa WHO kanda ya Afrika. Video zake za kuhimiza watu wapunguze wanga na sukari zimezunguka kila kundi la WhatsApp, na jina lake limekuwa utani wa mezani. Ukinyanyua soda, kuna mtu atakutishia kukusemea kwake. Usiku mmoja Sinza nilikuta simu imeegeshwa kwenye kabati la kioo, video yake inacheza kwa sauti ya juu, na wateja kama sita wamesimama wanasikiliza. Walisikiliza kwa utulivu ambao walimu hawaupati. Jamaa mwenye mkoba wa kompyuta alitikisa kichwa akasema, "Mzee anasema kweli, wanga unatumaliza." Dada aliyekuwa mbele yake akaongezea habari za shangazi yake na sukari. Wote wakakubaliana, hakukuwa na ubishi hata kidogo, na hakuna aliyeacha nafasi yake kwenye foleni.

Zamu ya yule jamaa ilipofika, alijikaza kisabuni. "Mimi niwekee chipsi nusu, mayai matatu," alisema kwa sauti ya mtu aliyeanza maisha mapya.

Kijana aligonga yai la kwanza. "Nusu hatuna, bosi. Nikipunguza viazi, bei ni ileile, na yai la tatu unaongeza mia tano."

Jamaa alifikiri kidogo. "Basi weka zote."