Marehemu Aliyerudi Kudai Viatu

Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisilova nchini Serbia, mjane mmoja alijiwa na mumewe usiku. Mume huyo, Peter Plogojowitz, alikuwa amezikwa wiki kumi nyuma. Hakuvunja mlango, hakupiga kelele, hakuuliza urithi umegawanywaje wala ni nani siku hizi anayelala upande wake wa kitanda. Aliomba viatu vyake. Mjane hakungoja kumuuliza anakwenda navyo wapi. Alifunga virago akahamia kijiji kingine.

Sifa za mnyonya damu hazina budi kuanzia kwenye viatu hivyo. Kupe, kunguni, chawa na mbu hunyonya kweli, na kila mwenye ngozi ni shahidi, lakini hakuna kunguni aliyewahi kufukuliwa kaburini mbele ya ofisa wa serikali. Mnyonya damu wa hadithi, anayeitwa vampaya magazetini na mumiani vinywani mwa wazee wa pwani, hajapata kukutwa na tone moja lililothibitishwa kuwa la mtu mwingine. Hata hivyo ndiye aliyebebeshwa kifua kikuu, tauni, vifo vya watoto wachanga na ukoloni. Amebeba yote bila kukata rufaa. Kiumbe mvumilivu namna hiyo hakosi kustahili kurasa mbili tatu za kumsifu.

Huko Kisilova mambo yalikwenda hivi. Watu tisa, wazee kwa vijana, walikufa ndani ya siku nane, kila mmoja akiugua kama saa 24 tu. Kabla ya kukata roho walisema Plogojowitz aliwajia usingizini, akawalalia, akawakaba koo. Wanakijiji wakamwendea Frombald, ofisa wa Austria iliyokuwa ikitawala eneo hilo, wakidai kaburi lifukuliwe. Frombald, kama maofisa wa nchi zote, alitaka kwanza kibali kutoka Belgrade. Wakamjibu kwamba kibali kitakapofika kijiji kitakuwa kimekwisha, na kama hataki, wao wanahama. Basi akafuatana na kasisi mpaka makaburini. Maiti ilikuwa nzima, isipokuwa pua iliyobonyea kidogo. Nywele, ndevu na kucha zilionekana zimekua, na mdomoni mlikuwa na damu mbichi. Wakachonga kigingi, wakaipigilia kifuani, damu ikatoka masikioni na mdomoni. Kisha wakaichoma moto hadi ikawa majivu.

Alipoandika taarifa yake, Frombald alimalizia kwa ombi ambalo makarani wengi wangelitamani: ikiwa kuna kosa lililofanyika, asilaumiwe yeye, walaumiwe wale watu waliopagawa kwa hofu. Wanakijiji walimlaumu marehemu, ofisa akawalaumu wanakijiji, na gazeti la Vienna, Wienerisches Diarium, likachapisha habari yote mwezi Julai. Katika kisa kizima ni mmoja tu ambaye hakumsukumia mwenzake lawama, naye ndiye aliyechomwa moto.

Na kosa lake lilikuwa nini? Alioza kama binadamu yeyote. Gesi hujaa tumboni, mwili hufura, majimaji mekundu husukumwa juu yakatokea mdomoni na puani. Ngozi hunywea na kurudi nyuma, kucha zikaonekana ndefu na ndevu zikaonekana zimechipua. Kigingi kikipigiliwa, hewa iliyobanwa kifuani hupita kooni na maiti huguna. Katika kijiji cha Medvegia, Serbia hiyohiyo, mguno kama huo ulisikika kutoka kwa maiti ya mtu aitwaye Arnold Paole, ambaye uhai wake ulikatika alipoanguka kutoka kwenye gari la nyasi. Mwaka 1732 madaktari wa jeshi waliandika taarifa juu ya vifo vya kijiji hicho, taarifa ikasomwa Ulaya nzima, na mwaka huohuo neno vampaya likatua katika magazeti ya London.

Wasomaji waliomjua kiumbe huyu kupitia riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 wanamdhani bwana mkubwa mwembamba, mweupe kama karatasi, mwenye ngome. Stoker hakuwahi kukanyaga Transylvania. Mnyonya damu wa kijijini alikuwa mkulima mnene, mwekundu, aliyefura ndani ya sanda yake, na aliwatembelea jamaa na jirani zake tu. Ukabaila alivishwa baadaye, na watu waliokuwa nao.

Adabu yake ni jambo linalohitaji kusemwa kwa utulivu, maana watu wazima wachache wanaifikia. Katika nchi nyingi za Ulaya ya Mashariki, ilitosha kumwaga mtama au mbegu ndogondogo njiani: asingeweza kupita bila kuzihesabu, moja baada ya nyingine, mpaka jogoo awike. Uchina wanaye jiangshi, maiti iliyokauka viungo isiyoweza kutembea ila kuruka kwa miguu yote miwili pamoja. Kizingiti kirefu cha mlango kinatosha kumzuia. Jambazi wa mjini hazuiwi na kizingiti.

Lakini bingwa wa adabu hizi yuko Trinidad. Huko anaitwa soucouyant, na mchana ni bibi kizee anayeishi peke yake pembeni ya kijiji. Usiku ukiiva anavua ngozi yake yote kama mtu avuavyo kanzu, anaikunja vizuri na kuiweka ndani ya kinu. Kisha anageuka mpira wa moto, anapaa, anapenya tundu la ufunguo, na asubuhi mwenye nyumba anaamka na alama za buluu mkononi. Dawa yake ni mchele. Unamwagwa mbele ya mlango, na bibi, aliyekuja kwa haraka zake, anachuchumaa kuokota punje moja moja. Hazungumzii chuya wala mawe. Anahesabu mpaka kunakucha, nuru inamkuta hajamaliza. Akiwahi kurudi nyumbani, huenda akakuta jirani amekwisha kutia chumvi na pilipili ndani ya kinu, na ngozi yake mwenyewe inamwasha haivaliki. Bibi mjane, asiye na mtoto wa kumsemea, anayeishi pembeni: kuna sehemu nyingi za dunia ambako mtu wa namna hiyo hahitaji hata kupaa ili apate jina.

Wa Ufilipino, manananggal, anagawanyika kiunoni: nusu ya juu inaota mbawa na kuruka, nusu ya chini inabaki imesimama migombani ikingoja, na anayeiona anaipaka chumvi au majivu ili isiungike tena. Wa Waewe wa Ghana na Togo, adze, huja akiwa kimulimuli. Hata matunda hayakuachwa nje. Waroma wa nchi za Balkani walisimuliwa kuamini kwamba boga au tikiti likiwekwa ndani zaidi ya siku kumi huanza kujibiringisha na kunguruma usiku. Halikuogopwa sana, maana halina meno.

Utumishi wake mkubwa, hata hivyo, umekuwa kwa wagonjwa. Huko Exeter, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, familia ya Brown ilizika mama, kisha binti mkubwa, kisha mnamo Januari 1892 binti wa pili, Mercy, mwenye miaka 19. Wote walikohoa mpaka mwisho. Robert Koch alikuwa amekwisha kutangaza kimelea cha kifua kikuu tangu 1882, lakini habari hiyo haikumpa ahueni Edwin, kaka yake Mercy, aliyekuwa akikonda kila wiki. Machi 17 majirani walifukua. Mama na dada mkubwa walikuwa wamekwisha kuoza. Mercy, aliyekufa miezi miwili tu kabla na kulazwa katika baridi kali, alikuwa bado na damu moyoni. Moyo ukachomwa juu ya jiwe, majivu yakakorogwa katika maji, Edwin akanywa. Alikufa kabla miezi miwili haijatimia. Kwa hesabu ya haki, katika familia ile aliyekunywa mwili wa mwenzake ni mgonjwa, kwa maelekezo ya majirani wema.

Afrika Mashariki nayo haikumkosesha kazi. Neno mumiani lilitoka Uajemi, likiwa jina la dawa nyeusi kama lami. Kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 tayari inaeleza kuwa ni dawa ambayo watu waliamini Wazungu wanaitengeneza kwa damu ya binadamu. Miaka ya ukoloni, Nairobi na Kampala, walioogopwa walikuwa wazimamoto, waliosemwa kukamata watu na magari yao mekundu. Katanga, nchini Kongo, washukiwa wa namna hiyo waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua simulizi hizo kama namna ya watu kueleza utawala uliokuwa ukichukua nguvu zao kwa vyombo wasivyoelezwa ni vya nini. Ni gari lisilobeba abiria, lenye mipira mirefu ya kuvutia kitu, na watu wanaolipwa kukaa bure wakingoja. Kweli, nani asingeuliza?

Tena Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi zote. Mtoto hunyonya, kupe hunyonya, na bepari hunyonya. Voltaire alikejeli kwamba Paris na London hazina vampaya wa makaburini, ila wafanyabiashara wanaonyonya watu mchana kweupe, na Karl Marx mwaka 1867 akaupa mtaji tabia hiyohiyo. Wote wawili walilazimika kutumia tamathali. Tanzania ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 haikuhitaji kupamba lugha: unyonyaji lilikuwa neno la siku zote, kupe akapewa sura ya mtu, na wananchi wakahimizwa kukata mirija. Mumiani aliutumikia ujamaa bila kadi ya chama.

Kuna mara moja, angalau, ambapo damu ilimwagwa kweli kwa jina lake, na mmoja wa waliohusika amesimulia mwenyewe. Edward Lansdale, ofisa wa Marekani aliyesaidia serikali ya Ufilipino kupigana na waasi wa Huk miaka ya 1950, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1972. Kwanza ulienezwa uvumi kwamba aswang, mla watu wa giza, anaishi kwenye kilima walipojificha waasi. Kisha kikosi maalumu kiliotea njiani, kikamnyakua mtu wa mwisho katika msafara wao, kikamtoboa matundu mawili shingoni, kikamning'iniza kichwa chini mpaka damu ikaisha, kikairudisha maiti njiani. Waasi wakahama kilima. Lansdale alipandishwa cheo mpaka jenerali. Aswang, ambaye jina lake ndilo lililofanya kazi yote, hakupewa hata nishani.

Malkia Maria Theresa, mtawala wa Austria, ndiye aliyejaribu kumtetea. Mwaka 1755, baada ya daktari wake Gerard van Swieten kuandika kwamba hadithi hizo zinatokana na ujinga na hofu, alipiga marufuku kufukua maiti, kuzichoma na kuzipigilia vigingi. Amri hiyo iliwalinda wafu. Walio hai bado. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulienea mpaka Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake Mulanje na Phalombe, na watu kadhaa waliuawa na umati kwa kushukiwa tu. Hapo sifa zinakwama kooni kidogo, maana mnyonya damu hakufika hata katika kesi yake mwenyewe. Waliofika walikuwa wapita njia.

Serbia walau haijamsahau. Katika kijiji cha Zarožje kulikuwa na kinu cha maji cha zamani kilichosemwa kuwa makazi ya Sava Savanović, mnyonya damu mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo, aliyewavamia waliokuja kusaga nafaka usiku. Mwandishi Milovan Glišić alimtia katika hadithi mwaka 1880, filamu ikafuata 1973, na watalii wakawa wanakuja kukitazama kinu hicho mchana, wakihakikisha wameondoka kabla ya jua kuzama. Mwaka 2012 kinu kikaporomoka kwa uchakavu. Habari zikavuma kwamba mzee sasa hana pa kulala na anatafuta nyumba nyingine, na viongozi wa eneo hilo wakawashauri wananchi watundike vitunguu saumu milangoni na madirishani. Vitunguu vikatundikwa. Viatu havikutajwa.