Kanzu Imepona, Baibui Limeungua

Nguo iliyounguzwa na pasi hubeba ushahidi wake kifuani. Alama haiwi mstari wala duara. Ni pasi nzima, ncha na kitako, imegongwa juu ya baibui kama muhuri wa ofisi ya serikali. Lawama huanza papo hapo. Pasi ni mbovu, umeme ulirudi na nguvu nyingi, muuza kitambaa ni tapeli. Mimi nasimama upande wa pasi. Ajali nyingi za aina hii hazitokani na ukali wa joto peke yake, zinatokana na foleni: nguo gani ilitangulia na gani ikafuata. Tazama alama yenyewe. Mpigaji hakusinzia wala hakwenda kuchungulia sufuria jikoni. Alikuwa wima, macho makavu, pasi mkononi, na nguo ikayeyuka pale pale ilipoguswa mara ya kwanza. Pasi iliyotua hapo ilikuwa bado inafanya kazi ya nguo iliyopita.

Pasi nyingi za umeme zina nukta za kuonyesha joto: moja ni kama nyuzi 110 za Selsiasi, mbili kama 150, tatu kama 200. Watu huzungusha kidude kutoka tatu hadi moja wakadhani joto nalo limeshuka. Halijashuka. Kidude kinaagiza tu. Ndani mna vipande viwili vya metali tofauti vilivyobanwa pamoja. Vikipata moto vinatanuka kwa viwango visivyolingana, vinajipinda na kukata umeme. Kupanda joto pasi inasaidiwa na wati 2,000 hivi, kwa hiyo dakika moja au mbili zinatosha. Kushuka inategemea hewa ya chumbani, na hewa ya Mombasa au Tanga mwezi wa pili haina haraka ya kumpoza mtu yeyote. Halafu kuna ile taa ndogo, shahidi muongo kuliko wote. Ikizima, watu husema pasi iko tayari. Taa inazima pasi inapofika joto lililoagizwa, na inabaki imezima pasi ikiwa imelipita. Mtu aliyemaliza kanzu ya pamba, akashusha kidude na kuona giza kwenye taa, huliweka baibui mezani kwa imani kamili, wakati taa imezima kwa sababu pasi ni ya moto kupita kiasi.

Na hapo ndipo tofauti ya vitambaa inapouma. Pamba haiyeyuki, ikizidiwa hugeuka kahawia na kunuka, yaani inatoa onyo. Inakunywa maji, na mvuke ukiingia hulegeza vifungo vidogo vinavyoshikilia mikunjo, kisha joto linaikausha ikiwa imenyooka. Ndiyo maana kanga, kikoi na kanzu ya pamba hupenda nukta tatu na mvuke mwingi. Poliesta, ambayo ndiyo mabaibui mengi, ni plastiki iliyofumwa. Maji haiyataki. Huyeyuka karibu na nyuzi 250, lakini hulainika, hung'aa na kunata mapema zaidi, bila onyo lolote. Sufu hutaka nukta mbili, kitambaa chenye unyevu katikati, na pasi ya kubonyezwa na kuinuliwa. Ukiiburuta juu ya suti, suruali itang'aa makalioni kabla mwenyewe hajaikalia. Hariri ipigwe upande wa ndani, isidondokewe na tone. Sare ya shule iliyochanganya pamba na poliesta hufuata sheria ya mnyonge: joto ni la poliesta.

Kuna wanaosema bibi zetu walipiga pasi ya mkaa, isiyo na nukta wala taa, na nguo zikatoka salama. Bibi walikuwa mafundi kweli, wakidondosha maji na kusikiliza yanavyolia. Lakini kabatini mwao mlijaa pamba. Poliesta ilisajiliwa na wakemia Whinfield na Dickson huko Uingereza mwaka 1941, na ilichukua miaka kabla ya kufika kwenye kamba zetu za kuanikia. Ukimpa bibi pasi ile ya mkaa na baibui la leo, sidhani kama sanamu ya jogoo iliyo juu ya kifuniko chake ingemsaidia.

Wengine hutegemea mvuke: maji yapo, nguo itaunguaje? Mvuke unatoka kwenye matundu, ila bamba linalogusa nguo lina joto lile lile. Tena vidole viujue vizuri, maana mvuke ukigeuka maji juu ya ngozi unamwaga joto lote ulilolibeba. Wapo pia waoga wanaopiga kila kitu kwa nukta moja. Hao huadhibiwa kwa njia nyingine. Katika pasi nyingi, bamba likiwa na joto dogo maji hayageuki mvuke, yanadondoka, na kama ni ya kisima chenye chumvi yanashuka na mabaki ya chokaa juu ya shati jeupe. Isitoshe, yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia mwilini. Nepi ya pamba yataka moto wa kweli wa kuyaua mayai hayo, pande zote mbili na kwenye mishono.

Pingamizi lenye uzito ni la muuzaji aliyeapa kwamba kitambaa ni pamba tupu, au hariri, kwa bei ya poliesta. Lebo nayo, kama ni nguo ya mtumba, imekatwa au imeandikwa lugha ya mbali. Chomoa uzi mmoja pindoni, uwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunyata na kuacha kishanga kigumu. Uzi hauapi.

Kwa hiyo foleni ianze na baibui, ifuate suti, imalizike na kanzu. Mtaniambia kanzu ndiyo inayotakiwa kwanza, adhana ya Ijumaa inakaribia na mwenyewe amesimama mlangoni na kofia kichwani. Sawa, ipigwe kwanza. Lakini baibui lisubiri pasi ipoe, au pasi ipitishwe mara kadhaa juu ya taulo kuukuu lenye unyevu ili joto lishuke upesi. Na kama muda wa hilo pia haupo, mwenye kanzu aliijua Ijumaa tangu Alhamisi, na pasi ilikuwa pale pale mezani.